Unadhani umepata mbawakawa wa papasi ndefu ambaye hana jina? Hivi ndo unavyomfanyia kazi

Watu wengi wanadhani spishi mpya inagunduliwa porini. Unatembea usiku na tochi, unamkuta mdudu hujawahi kumuona, basi tayari. Hapana. Porini unapata mdudu tu. Ugunduzi unakuja baadae sana, mezani, pale unapomweka kwenye hadubini pembeni ya ndugu zake ambao tayari wana majina, ukamlinganisha na mmoja mmoja na ukakosa wa kufanana nae. Yaani kazi hii kwa sehemu kubwa ni kumtafuta mtu aliyekutangulia, na kumtafuta kwa nia ya kumpata kweli, sio unatafuta huku unaomba asionekane.

Nalisema hili mapema manake familia ya hawa mbawakawa wa papasi ndefu (papasi ni zile nyuzi mbili za kichwani), yaani Cerambycidae, ni kubwa mno. Waliopewa majina mpaka sasa wamepita 35,000, na nusufamilia moja peke yake, Lamiinae, ina zaidi ya 20,000, na wengi wao ni wa misitu ya nchi za joto. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba wapo wengi hawajaandikwa, na ni kweli vilevile kwamba huyo uliyemshika anaweza kuwa aliandikwa mwaka 1860 na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga huo msitu, alitumiwa kwenye boksi na msafiri.

Mfano mzuri ni Excastra albopilosa wa Australia. Mwaka 2021 mtafiti mmoja wa University of Queensland alikuwa kambini Lamington National Park, akaona kitu cheupe juu ya jani akadhani ni kinyesi cha ndege. Kuangalia vizuri, kumbe ni mbawakawa aliyejaa manyoya meupe mwili mzima, chini ya sentimita moja. Mdudu wa ajabu vile, huna haja ya kuwa bingwa kujua kwamba sio wa kawaida, na bado jina lake lilichapishwa 2024. Katikati hapo kulikuwa na kumlinganisha na makusanyo ya makumbusho, mpaka ikaonekana sio spishi mpya tu, hata jenasi yake ilikuwa haijawahi kuandikwa. Sasa wa kwako kama ni kahawia mwenye madoa ya kijivu kama wengine elfu tatu, jipe muda zaidi ya huo.

Kwanza, ni papasi ndefu kweli?

Urefu wa papasi peke yake sio ushahidi. Wapo mbawakawa wa familia zingine wenye papasi ndefu, na wapo Cerambycidae wenye papasi fupi tu. Angalia jicho. Kwa wengi wao jicho limemegwa upande mmoja likawa kama figo, na shina la papasi limekaa kwenye ule mmego au karibu yake sana, juu ya kinundu. Kwa baadhi mmego umeingia ndani mpaka jicho limekatika vipande viwili kabisa, kimoja juu kimoja chini, unaweza kuapa mdudu ana macho manne. Papasi zenyewe kwa kawaida zina pingili 11 na mdudu anaweza kuzilaza nyuma juu ya mgongo. Alafu hesabu vipande vya unyayo, utaona vinne lakini viko vitano, cha nne ni kidogo mno kimejificha kwenye mpasuko wa kile cha tatu. Hii ya unyayo hata mbawakawa wa majani wa Chrysomelidae wanayo manake ni jamaa zao wa karibu, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Na kama bado yu hai, wengi ukiwabana kwa vidole wanalia, kile kimlio cha kukwaruza kinatoka pale ngao ya kifua inaposuguana na kibamba cha nyuma yake.

Ukishahakikisha, tafuta nusufamilia. Mgeuze umtazame uso kwa uso. Kama uso umeshuka wima kama ukuta na mdomo unatazama chini, pingili ya mwisho ya palpi, vile vijinyuzi vifupi vya mdomoni, imechongoka, na muundi wa mguu wa mbele una kamfereji upande wa ndani, huyo ni Lamiinae. Kama uso umelala kwenda mbele na palpi zimeishia butu, angalia Cerambycinae. Ngao ya kifua yenye ukingo mkali pembeni, mara nyingi na meno, hasa kwa mdudu mkubwa wa kahawia, hiyo inaelekea Prioninae. Umbo linalopungua kuelekea nyuma na ngao kama kengele, Lepturinae. Ziko nusufamilia zingine ndogo lakini ukianza na hizi nne umeshamaliza sehemu kubwa ya njia.

Rangi iache pembeni kwanza. Nasisitiza sana hapa. Hii familia imejaa waigaji. Kundi la Clytini linaiga nyigu, hadi mwendo wake wa haraka haraka. Kule Ufilipino jenasi ya Doliops inaiga fukusi wa Pachyrhynchus ambao ni wagumu kama jiwe na ndege hawawapendi, basi ukiweka Doliops na huyo fukusi pamoja rangi na madoa vinalandana kuliko Doliops mmoja na mwenzake. Rangi inakuambia mdudu anaishi na nani, undugu utaupata kwenye umbo.

Ukusanyaji, na lebo

Kabla hujagusa kitu, kibali. Kibali cha kukusanya, na kama mdudu au kipande chake kitavuka mpaka, kibali cha kusafirisha. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za viumbe vya nchi, inafanya kazi tangu 2014 na majarida mengi yanakuuliza namba ya kibali, tena makumbusho mengine hayapokei kabisa kielelezo, yaani mdudu aliyehifadhiwa, kisicho na karatasi. Spishi nzuri inaweza kukwama hapo miaka.

Njia za kuwapata unazijua, taa na shuka jeupe usiku, kugongagonga matawi makavu huku umetandaza kitambaa chini, mitego ya chambo cha matunda yaliyochacha kule juu kwenye vilele vya miti. Ila mimi naipenda zaidi njia ambayo watu wanaiogopa kwa sababu inahitaji subira: chukua matawi yaliyokufa karibuni au yaliyokatwa na mdudu mwenyewe, yaweke kwenye ndoo iliyofunikwa kwa chandarua, subiri watoke. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwaka. Lakini wakitoka unapata vitu vitatu ambavyo taa haikupi hata siku moja, unaujua mti anaokula buu wake, unapata dume na jike waliotoka kwenye tawi moja, na unapata wengi wa kulinganisha ukubwa. Ukubwa una maana hapa, manake buu aliyekula kuni mbovu anatoa mbawakawa mdogo, mwenzie aliyeshiba anaweza kuwa karibu mara mbili yake. Mtu mwenye kielelezo kimoja kimoja anaweza kuwaona hao ni spishi mbili.

Kumuua, tumia friza ukiweza. Ethili asetati inalainisha viungo vizuri lakini inaharibu DNA. Ng'oa mguu mmoja wa kati au wa nyuma, siku zote upande uleule, uweke kwenye ethanoli ya 96% na namba inayolingana na mdudu. Mwili wenyewe usiutupe kwenye ethanoli kama ana unga au vinywele vya rangi, vinalowana vinashikana na hautapata tena ule muonekano.

Sasa lebo. Mdudu bila lebo ni pambo. Andika nchi, mkoa, mahali penyewe, nukta za GPS, mwinuko kwa mita, tarehe, jinsi alivyopatikana, na aliyemkamata. Tarehe andika mwezi kwa namba za Kirumi, 4.v.2023, manake ukiandika 4/5/2023 mtu wa nchi nyingine ataisoma Aprili. Mti pia uandike kama unaujua, na kama huujui usiubahatishe, chukua jani na tawi lenye ua umpelekee mtu wa mimea. Lebo iandikwe siku hiyohiyo, sio ukirudi.

Mezani

Pini ipite kwenye elitra ya kulia, yaani lile bawa gumu la juu la upande wa kulia, karibu na bega. Wadogo chini ya milimita nane hivi usiwachome, wabandike kwa gundi kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu. Papasi zikunje zifuate mwili, usizitanue kama mbawa za ndege hata kama picha itapendeza, zitakatika siku ya kwanza mtu akifungua droo, na mdudu wa papasi ndefu asiye na papasi anamsumbua kila atakayekuja baada yako.

Kisha viungo vya uzazi. Wengi wanaviruka kwa sababu kazi ni ndogondogo na inaogopesha, ila kwenye jenasi zenye spishi zinazofanana hapo ndo jibu lilipo. Mlainishe mdudu kwenye kopo lenye unyevu kwa siku moja au mbili, akilainika tia kibano chembamba nyuma, chomoa fumbatio lote taratibu au vuta uume peke yake kama unatoka bila kulazimisha. Weka kwenye hidroksidi ya potasiamu ya 10%, ikiwa vuguvugu ni dakika chache, ikiwa baridi acha usiku kucha, misuli yote inayeyuka inabaki ile sehemu ngumu ya kahawia. Suuza kwa maji yenye asidi ya asetiki kidogo kuua hiyo alkali. Weka kwenye tone la gliserini alafu kaa nayo. Igeuze. Angalia ncha ya uume kwa juu na kwa ubavuni, angalia zile fito mbili za pembeni zina urefu gani na vinywele vyake viko wapi. Kisha angalia ile mfuko ya ndani, manake spishi mbili ambazo kwa nje ni mapacha unaweza ukakuta mmoja ana safu ya vimiba humo ndani na mwingine hana hata kimoja. Mara ya kwanza nilipoona tofauti ya namna hiyo kwa macho yangu mwenyewe nilinyanyuka nikazunguka chumba. Ukimaliza, kila kitu kiingie kwenye kichupa kidogo chenye gliserini na kichupa kichomwe kwenye pini ya mdudu huyohuyo. Vikitengana, vimepotea.

Kumtafuta aliyekutangulia

Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1758, kitabu cha Linnaeus, na jina la zamani zaidi lililotolewa kwa taratibu ndilo lenye haki. Kwa hiyo unayapitia yote ya jenasi yako tokea hapo. Anza na orodha za mtandaoni, Titan ni ya Cerambycidae wa dunia nzima na kwa wale wa bara la Amerika iko katalogi ya picha ya Bezark, alafu maandishi ya asili utayapata mengi Biodiversity Heritage Library bila malipo. Soma maandishi ya asili, usisome mtu aliyemsimulia mtu. Mengi yako kwa Kilatini, Kifaransa, Kijerumani, na mengi ni mafupi ya kukatisha tamaa. Stephan von Breuning aliyefariki 1983 aliandika Lamiinae wengi kuliko mtu yeyote, majina zaidi ya 7,000, na maelezo yake mengi ni mistari michache ya rangi na urefu, hamna picha. Mistari kama hiyo inaweza kumfaa mdudu wako na wengine kumi.

Na jihadhari na jenasi zilizobadilika. Ukiona jina la mtunzi liko kwenye mabano ujue spishi ilianzia jenasi nyingine, kama Acrocinus longimanus (Linnaeus, 1758), yule mwenye miguu ya mbele mirefu sana wa Amerika ya joto, Linnaeus alimuweka kwenye Cerambyx manake enzi hizo karibu kila papasi ndefu aliingia humo. Ukitafuta kwenye jenasi ya leo tu utawakosa waliofichwa kwenye za zamani.

Hivyo basi maandishi hayatoshi, lazima uione holotaipu, yaani kile kielelezo kimoja ambacho jina limefungwa nacho. Nyingi za nchi za joto ziko Paris, London, Tervuren kule Ubelgiji, Berlin, na nyingi za Amerika Kusini ziko pia São Paulo. Makumbusho mengi yameshaweka picha mtandaoni, na usipoziona mwandikie msimamizi wa makusanyo. Andika barua fupi yenye swali linalojibika. Usiseme nitumie taarifa za jenasi yote. Sema naomba picha ya holotaipu ya spishi fulani kwa juu na kwa ubavu, na naomba kujua kama pingili ya kwanza ya papasi ina kovu kwenye ncha. Hilo kovu ni kitu cha kweli, ni kieneo kidogo chenye ukingo kule mwisho wa pingili ya kwanza, na kwa Lamiinae linatenganisha makundi makubwa. Ukiuliza hivyo msimamizi anaona unajua unachotafuta na mara nyingi anakujibu vizuri kuliko ulivyotarajia.

Usiishie kwenye wadudu wa nchi yako. Mbao inasafiri na buu amelala ndani yake. Anoplophora glabripennis wa Asia ya Mashariki alionekana New York mwaka 1996 kwa sababu alipanda meli ndani ya mbao za kufungia mizigo. Mdudu ambaye ni mgeni kwako inawezekana kabisa ana jina la siku nyingi upande mwingine wa bahari. Pitia jenasi nzima, dunia nzima, hata kama ni majina mia.

Mimi nilishawahi kukaa na mdudu miezi minne nikiamini ni mpya. Papasi zake zilikuwa mara mbili na nusu ya mwili, ngao ya kifua imevimba, hamna maelezo yoyote yaliyomfaa. Nimeshachora, nimeshapima. Siku moja nikafungua droo ya spishi nyingine ambayo ilikuwa imejaa majike matupu, papasi fupi, ngao nyembamba, na nikaangalia vishimo kwenye elitra, vilikuwa vimepangwa vilevile, safu mbili zinazokatika karibu na bega. Nikarudi kwa wangu. Dume. Tangu siku ile swali langu la kwanza ni hili: je ninaye dume na jike? Kwa hawa wadudu dume mara nyingi ana papasi ndefu zaidi na jike bamba la mwisho la tumboni limerefuka, kwa hiyo kabla hujasema tofauti uliyoiona ni ya spishi, hakikisha sio ya jinsia. Na sio ya uchakavu pia, manake vinywele vikiporomoka doa linapotea, na mdudu aliyetokwa na mafuta kwenye droo anakuwa mweusi mwili mzima.

Kama unacho kielelezo kimoja tu, sheria haikukatazi kumwandika. Ila mimi nakushauri subiri ukiweza, rudi palepale msimu uleule. Nitakubali kimoja kama tofauti ni za umbo, ziko nyingi, na zinaonekana pande zote mbili za mwili, isiwe pingili moja iliyopinda kwa sababu aliumia akiwa buu.

DNA inasaidia. Kile kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 kinakuambia kama dume na jike wako ni wamoja, na hiyo peke yake ni faida kubwa. Lakini holotaipu za mwaka 1865 nyingi hazina DNA ya kulinganisha nayo, kwa hiyo umbo bado ndo lugha mnayoweza kuongea wewe na wale wa zamani.

Kuandika

Sheria za Kamisheni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, toleo la nne linalotumika tangu mwaka 2000, zinadai mambo machache ila ukikosa moja jina halipo. Useme wazi kwamba ni spishi mpya. Utoe maelezo kwa maneno yanayoitofautisha. Uchague holotaipu moja na useme itahifadhiwa kwenye makusanyo gani na yako wapi. Wengine uliowaona wa spishi hiyohiyo unawataja kama parataipu. Holotaipu ikae makumbusho ambayo mtu yeyote anaweza kuomba kuiona, isikae kabatini kwako, na kama inawezekana angalau parataipu zibaki nchi alikotoka mdudu.

Watu wanachanganya daiagnosi na maelezo kamili. Maelezo ni mdudu mzima kuanzia kichwani hadi ncha ya fumbatio. Daiagnosi ni zile sentensi tatu nne zinazosema anatofautianaje na wa karibu yake, kwa majina. Usiandike "anatofautiana kwa rangi na umbo". Andika namna hii: "Anafanana na spishi fulani kwa mkanda mweupe nyuma ya katikati ya elitra, ila ncha ya elitra imekatwa mshazari na ina mwiba upande wa nje, wakati kwa yule ni ya mviringo, kinundu cha ubavuni mwa ngao kimechongoka, kwa yule ni butu, pingili ya nne ya papasi ni fupi kuliko ya tatu, kwa yule zimelingana." Mtu akiwa na mdudu mkononi anaweza kuamua kwa dakika moja. Ukishindwa kuiandika daiagnosi yako hivyo, rudi kwenye hadubini, bado hujaijua spishi yako.

Vipimo vitoe kwa milimita, urefu wote, urefu na upana wa ngao, urefu wa elitra, upana wa mabega, na utoe kiwango cha chini na cha juu kwa dume peke yake na jike peke yake. Kwa papasi kuna mtindo mzuri, pingili ya tatu unaihesabu 1.00 na zingine unazitolea uwiano wake, labda ya kwanza 0.85, ya pili 0.14, ya nne 0.92, kwa hiyo mdudu mdogo na mkubwa wanalinganishika. Maelezo mengine usiyaruke hata kama yanachosha: uso na vishimo vyake, umbali kati ya macho kwa juu ukilinganisha na upana wa jicho, soketi za miguu ya mbele zimefunga au zimeacha wazi kwa nyuma, kucha zimetanuka kiasi gani na zina jino au hazina. Vinywele uvieleze vimelala au vimesimama, na vinaelekea wapi.

Picha, piga juu, chini, ubavu na uso. Hawa wadudu ni wanene na hadubini inaona tabaka jembamba tu, kwa hiyo unapiga picha thelathini arobaini ukishuka kidogo kidogo, programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker inaziunganisha. Mwanga upite kwenye karatasi nyeupe au kikombe cha plastiki, mwanga mkali wa moja kwa moja unaua vinywele vyote kwenye picha. Weka kipimo cha milimita pembeni. Na piga picha ya lebo za holotaipu pia, zote, hilo watakushukuru nalo.

Jina

Jina liwe kwa herufi za Kilatini, na likiwa sifa lifuate jinsi ya jenasi. Ndo maana ni Excastra albopilosa, ingekuwa jenasi ya kiume ungesikia albopilosus. Ukimuenzi mwanaume mmoja unaweka -i, mwanamke mmoja -ae, na kuweka -i kwa mwanamke ni kosa linalojirudia mpaka leo. Jina la mahali, la mti, la lugha ya watu wa pale, vyote ruksa. Kujiita mwenyewe hakujakatazwa na sheria ila haifanywi. Hakikisha hilo jina halijawahi kutumika kwenye jenasi hiyo hata kwa spishi iliyohamishwa, vinginevyo mtu atakuja kulibadilisha na jina lake ndo litasomeka. Na litamke kwa sauti mara kadhaa, watu wataliandika kwenye lebo kwa miaka mia mbili.

Kama umemuenzi mtu, mwambie kabla. Kama umetumia neno la lugha ya wenyeji wa msitu, waulize linamaanisha nini hasa na kama wanaridhia.

Kuchapisha

Usilitaje jina mtandaoni kabla. Posti ya picha na jina jipya haihesabiki kama uchapishaji, inachofanya ni kuacha jina linaloelea na kuwachanganya wengine. Majarida kama Zootaxa na ZooKeys yanachapisha spishi mpya kila wiki, na yana wahariri wa Cerambycidae wanaoijua familia hii kwa undani. Kazi ikitoka kwa njia ya kielektroniki, tangu 2012 inakubalika kisheria mradi isajiliwe kabla ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na ushahidi wa usajili uonekane ndani ya kazi yenyewe. Angalia mwenyewe kwamba namba ipo, usimwachie mhariri.

Mkaguzi wa jarida akikuambia mdudu wako ni spishi ya zamani, usikasirike, muombe sababu kisha nenda kaione holotaipu aliyoitaja. Mara nyingine yeye ndo amekosea, na ukimjibu kwa picha mbili zilizowekwa pembeni kwa pembeni mnamalizana hapohapo. Mara nyingine ana haki, na bado unacho cha kuchapisha: mti anaokula, jike lisilojulikana, nchi mpya aliyoonekana.

Ikishatoka, chapa lebo nyekundu ya holotaipu yenye jina, jina lako na mwaka, iweke kwenye pini chini ya lebo ya porini, ile ya porini usiitoe kamwe hata kama imechafuka na mwandiko ni mbaya. Parataipu zigawe kwenye makumbusho mawili matatu tofauti, manake droo moja ikiliwa na wadudu wa makusanyo au jengo likishika moto, spishi isibaki karatasi tu. Mfuatano wa DNA uweke GenBank, hazina ya wazi ya DNA mtandaoni, na namba ya kielelezo. Kisha wapelekee nakala waliokupa kibali na waliokushikia tochi, na uwaonyeshe kwenye picha ni yupi, waweze kumtambua akitua tena kwenye shuka.